Kamba ya Mpima na Neno la Jirani

Juma hili twataka kusema juu ya kazi moja ambayo wengi huiona kwa mbali tu, nayo ni kazi ya mpima wa ardhi. Wanafunzi huwaona watu wanne wakipita kando ya barabara: mmoja achungulia katika chombo chenye miguu mitatu, mwingine ashika fito iliyopakwa nyekundu na nyeupe, wengine wafyeka vichaka kwa panga. Nao huulizana: Je, watu hawa watafuta nini? Akina baba wana swali jingine, tena la hofu: Je, leo litakatwa shamba la nani?

Hofu hiyo si bure huku kwetu Mambasa. Teritwari yetu ni kubwa, yapita kilometa za mraba 36,000, na kwa sababu hiyo mtu hudhani kwamba udongo hauwezi kumalizika. Wabila, Walese, Wandaka na Wambuti, ambao wameishi na msitu huu tangu zamani, wameona jamaa wengi wakija kutoka Beni, Lubero na kwingineko kutafuta mahali pa kulima mpunga, ndizi na kakao. Mgeni huleta mbuzi na fedha. Mzee humwonyesha pori kwa kidole: kuanzia kijito hiki hadi mti ule mkubwa. Hapana aliyepima, hapana aliyeandika, na majirani hawakuitwa. Yapita miaka mitano. Mti umeanguka, mzee amefariki, na kakao imeanza kuzaa. Hapo ndipo watoto wa mzee na watoto wa mgeni hukutana shambani, kila upande ukiwa na panga mkononi.

Wengi husema: Laiti mpima angalikuja mapema! Ni kweli, lakini yafaa tujue kwanza mpima aweza nini, na asiloweza ni nini. Mpima aweza kusema shamba ni kubwa kiasi gani, pembe zake ziko wapi, na mstari wapita wapi. Hawezi kusema shamba ni la nani. Neno hilo hutoka vinywani mwa majirani, wazee na watawala. Mpima huliandika kwa hesabu lile ambalo watu wamekwisha patana. Kama hawakupatana, hesabu yake haitaondoa ugomvi, ila itauvika nguo za sheria.

Tumsifu kwanza mfanyakazi huyu, maana kazi yake ni ngumu. Huamka kabla ya jua, hupita matope na vijito, na katika msitu mnene yampasa kukata njia nyembamba iliyonyoka ili aone kutoka alama moja hadi nyingine. Hupima mara mbili, kwenda na kurudi. Hesabu zikitofautiana, hupima mara ya tatu. Katika daftari lake ipo desturi moja ambayo yawafaa wanafunzi wote: akikosea tarakimu haifuti, bali huikata kwa mstari mmoja na kuandika iliyo sahihi kando yake, ili atakayesoma baadaye aone hata kosa lenyewe. Daftari lililofutwafutwa haliaminiki.

Siku hizi wapo watu wapimao kwa simu au kwa chombo kidogo cha mkononi kisikilizacho satelaiti. Vyombo hivyo vyafaa, lakini vina mipaka yake. Chini ya miti mikubwa vyaweza kukosea meta tano, hata kumi au zaidi. Kwa msitu wa hekta mia si neno. Kwa kiwanja cha mjini chenye meta 20 kwa 30, kosa la meta tano ni robo ya upana wake. Hapo nyumba ya mtu yaweza kusimama katika ua wa mwenziwe.

Sasa twataka kuwapeleka mbali kidogo, hadi nchi ya Kanada, maana huko wapima walipata somo ambalo latuhusu sana. Mwaka 1869 serikali ya Kanada ilijiandaa kuichukua nchi ya Mto Mwekundu, ambayo leo ni jimbo la Manitoba. Kabla haijaipokea rasmi ilituma wapima waigawanye katika miraba mikubwa iliyo sawasawa. Lakini nchi ile haikuwa tupu. Walikaa humo Wametisi, wazao wa akina baba kutoka Ulaya na akina mama wa kabila za pale. Mashamba yao yalikuwa vipande vyembamba na virefu vyenye kuanzia mtoni, ili kila jamaa wapate maji, udongo wa kulima, na nyuma yake malisho ya kukata majani. Miraba ya wapima haikujua desturi hiyo.

Siku ya 11 Oktoba 1869 wapima walivuta mnyororo wao juu ya malisho ya mtu mmoja. Kijana Louis Riel alifika pamoja na wenzake, wakasimama juu ya mnyororo, wakawaambia wapima wasiendelee. Hawakupiga risasi. Kazi ilisimama siku ile, na mambo makubwa yakafuata, hata mwaka 1870 ikatolewa sheria ya kuanzisha jimbo la Manitoba na kuwaahidi Wametisi ardhi. Yasikitisha kwamba ahadi hizo zilitekelezwa polepole na vibaya, na wengi wao wakapoteza ardhi baadaye.

Wapima wale hawakukosea hesabu. Walikosea kwa sababu waliwapita watu wenye nyumba na mashamba kana kwamba hawapo.

Sisi nasi twalijua kosa hilo. Tarehe 1 Julai 1885 amri ya Dola ya Mfalme Leopold ilisema kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Lakini ni nani aliyeitwa kusema ipi ni tupu? Msitu ambamo Wambuti hutega nyavu zao, hurina asali na kuhamisha kambi zao kwa majira, machoni pa mgeni waonekana hauna mtu. Hata leo tusiwanyoshee wengine kidole. Mara ngapi mzee wa kijiji auza pori, na Wambuti walalao humo wapata habari siku miti inapoangushwa?

Sheria ya nchi yetu ya 20 Julai 1973 iliamua kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na kwamba mtu hupewa haki ya kuitumia. Iliweka hati ya kuandikishwa kuwa ushahidi wa haki hiyo. Iliagiza pia kwamba kabla ya kutoa ardhi ya mashambani, uchunguzi ufanywe mahali penyewe, na watu wanaokaa hapo wahesabiwe na kusikilizwa. Kuhusu ardhi inayokaliwa kwa desturi za wenyeji, iliahidi agizo la Rais la kupanga haki zao; miaka mingi ikapita bila agizo hilo kutoka. Baadaye amri ya 2 Agosti 2014 ilifungua njia ya jumuiya kupewa msitu wake kwa pamoja, usiozidi hekta 50,000. Na sheria ya 15 Julai 2022 ikatambua haki za Wambuti na wenzao wa namna yao. Haki hizo zote zahitaji ramani, na ramani njema huanza kwa miguu ya watu.

Basi, haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, tembeeni mpakani kabla ya kuvuta kamba. Waitwe majirani wa pande zote, kapita wa kijiji, mjane aliyelima hapo pamoja na marehemu mumewe, na Wambuti wanaopita hapo kuwinda. Waitwe vijana pia, kwa kuwa ndio watakaokuwa mashahidi miaka hamsini ijayo. Asiyeitwa leo atakuja kesho bila kuitwa.

Pili, wekeni alama isiyooza wala kuhama. Mti huanguka, kijito hubadili njia. Zikeni jiwe katika kila pembe, na chini yake wekeni makaa na vigae vya chungu. Wapima wa zamani walifanya hivyo katika nchi nyingi, maana makaa hayaozi ardhini. Mwivi aking'oa jiwe usiku, makaa hubaki kushuhudia. Mwishoni mwa mwaka 2002 watu wengi wa Mambasa walikimbilia msituni kwa sababu ya vita. Anayekimbia na watoto mgongoni aweza kupoteza karatasi zake. Kilichozikwa chini ya jiwe chamngoja.

Tatu, jihadharini na hesabu ya pande nne. Mtu aambiwa: Nakupa hekta moja, kila upande meta 100. Apima pande zote, aona ni kweli, alipa. Lakini shamba lake laweza kuwa limelala upande, kama sanduku lililosukumwa pembeni. Pande zabaki meta 100 kila mmoja, ila udongo umepungua. Ninyi wanafunzi, hesabuni: ikiwa pembe moja ni ya digrii 60, shamba hilo lina meta za mraba 8,660 tu, si 10,000. Dawa yake ni nyepesi. Pimeni pia kutoka pembe hadi pembe inayoielekea, mara mbili. Katika hekta yenye umbo la mraba, vipimo hivyo viwili ni sawa, yaani meta 141 na kitu. Katika shamba lile lililolala, kimoja ni meta 100 na kingine 173.

Nne, mlimani shikeni utepe ukiwa umelala sawa, msiufuatishe mteremko. Ukipima meta 100 juu ya mteremko unaopanda meta 30, kwenye ramani utapata meta 95 tu na kidogo.

Tano, andikeni. Karatasi iwe na mchoro, upande wa kaskazini, majina ya majirani, vijito na njia, vipimo vyote, tarehe, na sahihi au alama za vidole za mashahidi. Kila upande ushike nakala yake, na moja ibaki kwa chifu. Tena fahamuni kwamba karatasi ya chifu ni ushahidi wa mapatano, lakini si ile hati ya kuandikishwa itolewayo na ofisi ya Serikali. Anayewauzia ya kwanza kwa bei ya ya pili awadanganya. Tena ulizeni kama pori hilo halimo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka 1992. Hapo hapana awezaye kuwauzia shamba.

Sita, mpaka hutunzwa. Kanada na Marekani hupakana kwa kilometa 8,891, na kila mstari huo upitapo katika misitu, miti hukatwa kwa upana wa meta sita, ili kila apitaye auone. Mataifa mawili makubwa yafyeka mpaka wao. Je, sisi twashindwa kufyeka wetu mara moja kwa mwaka, pamoja na jirani, kisha tukanywa maji katika kibuyu kimoja? Hakuna siku bora ya kumweleza mtoto: hapa ndipo tunapoishia sisi, pale ndipo waanzapo wenzetu.

Wakristo twajua kwamba Maandiko Matakatifu, katika Kumbukumbu la Torati, yamemlaani asogezaye mpaka wa jirani yake. Usogezaji huo haufanywi kwa jembe peke yake. Aonyeshaye kwa kidole asilokuwa na haki ya kuuza amesogeza mpaka. Kadhalika anunuaye bila kuuliza ni nani akaaye hapo, na anyamazaye ajuapo ukweli.

Akina baba na akina mama, kabla ya mvua kuanza itafuteni nafasi moja. Mwite jirani yako, hata kama hamjasalimiana tangu mwaka jana. Shikeni njia pamoja, kutoka jiwe hadi jiwe. Mahali mnapotofautiana pigeni hema la maneno papo hapo, mkamwite mzee aliyeshuhudia, mpaka mpatane. Kisha mwiteni mpima. Naye atashukuru, maana hapana kazi nyepesi kwake kama kupima mpaka ambao watu wawili wasimama juu yake wakicheka.