Magoti Mabovu na Kisingizio cha Ukoo

Mtumishi wa makamo akianza kushuka ngazi kwa kujikongoja, wenzake humwambia: "Usihangaike, hata marehemu mama yako alikuwa hivyo hivyo." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo hatari yake.

Ni kweli kwamba ugonjwa wa kulika kwa gegedu za magoti, ambao wengi huuita tu baridi yabisi, hufuata damu. Mwaka 1996 watafiti wa London waliochunguza wanawake mapacha walikadiria kuwa urithi unachangia kati ya asilimia 39 na 65 ya ugonjwa huo katika mikono na magoti. Lakini asilimia hiyo hupima tofauti baina ya watu katika kundi zima; haimwambii mtu mmoja kwamba nusu ya goti lake imekwisha kuhukumiwa.

Tena hakuna chembe moja ya urithi inayoleta maradhi haya. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba badiliko dogo katika chembe iitwayo GDF5, inayohusika na ujenzi wa maungio, huongeza hatari ya magoti kuugua miongoni mwa Wajapani na Wachina. Kufikia mwaka 2021, uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 800,000 ulikuwa umetaja mabadiliko 100 ya namna hiyo, na mengi yao husukuma kidogo tu.

Yanayosukuma kwa nguvu yanaonekana kwa macho: uzito wa mwili, majeraha ya zamani, na kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kunyanyua mizigo. Huko Framingham, Marekani, ilionekana mwaka 1992 kwamba wanawake waliopunguza kilo 5 hivi katika miaka 10 walipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja nayo hupunguza maumivu, wala hayahitaji fedha za kigeni!

Basi ni ajabu kwamba mchukuzi wa magunia akilalamika magoti, msimamizi humwuliza habari za babu yake badala ya kuupima mzigo. Wengi wa watu hao 800,000 walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Afisa anayeandika katika faili la mfanyakazi wa Kiafrika kwamba magoti yake ni "ya ukoo" ameandika jambo ambalo hakuna aliyelipima.