Prosesa kuingia siyo kuwaka
Wenye stationery wa Mwanjelwa na Iringa mjini, acheni kununua prosesa kwa kuambiwa tu "hiyo inaingia, bosi". Dell OptiPlex 790 na 7010 zote zina soketi ya LGA1155. Lakini i5-3470 inapiga kazi kwenye 7010, kwenye 790 inakaa vizuri halafu mashine inaikataa.

Fungua CMD, andika: wmic baseboard get product. Namba ya mazabodi itatokea. Haiwaki? Fungua kava, isome kwenye bodi yenyewe. Piga picha, mtumie muuzaji kabla hujatuma hela.

Kwangu mimi, fundi asiyeuliza namba ya bodi asiguse mashine yako. Hela hiyo ni rimu ngapi za karatasi?