Mchai Usio na Jina

Mwanafunzi wa mofolojia hufunzwa mapema kwamba kati ya kitenzi "nuka" na kitenzi "nukia" pana kiambishi kimoja tu, ilhali maana zake zimeachana mno: kinachonuka huepukwa, kinachonukia hutafutwa na kulipiwa. Tofauti ndogo ya umbo huzaa tofauti kubwa ya thamani. Jambo kama hilo hutokea ndani ya jani la mchai, na ni ajabu kwamba katika nchi inayouza ng'ambo chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, ni wachache mno wanaoweza kulieleza kwa Kiswahili.

Jani bichi la mchai likishikwa mkononi halinukii chai. Harufu imo, lakini imefungwa. Molekuli za manukato zimefungamana na sukari ndani ya seli, na zikiwa katika hali hiyo haziwezi kupaa hewani wala kufika puani. Jani linaponyaushwa na kupondwa, kuta za seli huvunjika, vimeng'enya vikakutana na sukari ile na kuikata, manukato yakafunguliwa. Kiwanda basi hakiumbi harufu hiyo kutoka patupu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kufungua kile ambacho mmea umekwisha kukiweka akiba, na akiba hiyo huamuliwa, kwanza kabisa, na jeni.

Ushahidi wake si wa jana. Wanakemia waligundua kitambo kwamba mchai wa Assam, wenye majani mapana, hutoa linaloli kwa wingi, nao mchai wa China, wenye majani madogo, huelekea zaidi kwenye geranioli. Majina haya yanaweza kumtisha msomaji, lakini pua yake inayafahamu. Geranioli ndiyo inayosikika katika waridi. Linaloli imo katika asumini na katika mrehani. Mwanamke wa Lamu anayefunga kikuba amezishika zote mbili mkononi bila kuhitaji maabara. Harufu ya majani yaliyofyekwa, ambayo wanunuzi wa chai hawaipendi ikizidi, hutokana na mafuta ya jani lenyewe yanapovunjwavunjwa. Mwanakemia wa Kenya, Philip Okinda Owuor, alijulikana kwa kupima ubora wa chai nyeusi kwa kulinganisha makundi hayo mawili: harufu tamu za maua kwa upande mmoja, harufu za ubichi kwa upande wa pili. Kipimo hicho kimebeba jina lake katika maandishi ya wataalamu.

Mnamo 2017 watafiti wa China walichapisha jenomu ya mchai wa jamii ya Assam, na mwaka 2018 ikafuata ile ya mchai wa China. Ni maandishi ya herufi takriban bilioni 3, yaani karibu sawa na ya binadamu. Humo zilionekana jeni nyingi za kutengenezea manukato. Mojawapo inastahili kutajwa mbele ya wanaisimu. Jeni hiyo moja hutoa nakala mbili: ndefu, na fupi iliyopungukiwa na kipande cha mwanzo. Ile yenye kipande hicho hupelekwa kwenye kiwiti, yaani penye ukijani wa jani, na huko hutengeneza linaloli. Ile isiyo nacho hubaki katika majimaji ya seli, nayo inaelekea kutengeneza nerolidoli, harufu ya maua inayosifika katika chai za ulongi. Mzizi mmoja, kiambishi awali kikiwepo au kikikosekana, na neno limebadilika. Nani atadai kwamba somo hili haliwezi kufundishwa kwa Kiswahili?

Wapo wanaodai hivyo, na hoja yao ni ile ile ya miaka yote, kwamba lugha haina istilahi. Hoja hiyo haina mashiko hapa. "Jeni", "kromosomu" na "kimeng'enya" yamo vitabuni. Na katika uwanja wa harufu Kiswahili ni tajiri kupindukia: kina uvundo, shombo, kikwapa, marashi, udi, buhuri. Kilichokosekana ni kuukutanisha utajiri huo na mchai. Mchai ulikuja kama mgeni: mbegu za kwanza zilitoka India, zikapandwa Limuru mwaka 1903, na tangu hapo lugha ya shughuli za chai, kutoka maabara hadi mnada wa Mombasa, imekuwa Kiingereza. Mchumaji aliyeko Kericho au Murang'a huambiwa achume majani mawili na chipukizi. Nadra aambiwe kwamba jani la tatu na la nne huongeza harufu za ubichi na kupunguza zile za maua. Amri ameipata, sababu yake imebaki katika lugha nyingine.

Haya si mambo ya darasani tu. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha bonasi hutegemea bei ambayo kiwanda chake kimeipata. Majani yote yaliyokubaliwa huchanganywa. Aliyepanda kloni 6/8, inayojulikana miaka mingi kwa ubora wake, na aliyepanda kloni ya mavuno makubwa, hupanga foleni kwenye mizani moja kwa malipo yale yale. Kloni S15/10 iliwahi kutoa karibu kilo 11,000 za chai kwa hekta kwa mwaka mmoja. Mkulima mwenye karo ya kulipa atachagua ipi? Hawezi kulaumiwa. Mfumo unaolipa uzito huvuna uzito.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba jeni si kila kitu. Kloni ile ile ikipandwa mahali pawili hutoa harufu mbili. Mwinuko, baridi, mvua na mbolea vina sauti yao. Kwa kawaida chai ya mashariki ya Bonde la Ufa hupata bei bora mnadani kuliko ya magharibi, wala tofauti hiyo haiwezi kutwikwa jeni peke yake. Wadudu nao wamo: huko Taiwan na Darjeeling, zipo chai zinazosifika kwa harufu ya asali na zabibu kwa sababu kidudu kidogo hufyonza majani, na mmea hujitetea kwa kutoa manukato. Tena njia ya kiwandani ya kuponda, kurarua na kuviringa, ambayo ndiyo iliyoenea Kenya, hutoa rangi na ukali kwa haraka lakini hupoteza manukato mengi. Hata hivyo, mazingira na kiwanda haviwezi kufungua akiba ambayo mmea haukuiweka. Na mmea hauwezi kubadilishwa kwa msimu mmoja. Kuzalisha kloni mpya kwa njia ya kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 au zaidi, na mchai ukishapandwa hukaa shambani kwa miongo. Chaguo la leo watalinywa wajukuu.

Ndipo inapofaa kuuliza kuhusu majina. Taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho imetoa takriban kloni 50, na karibu zote zinaitwa kwa namba: 6/8, 31/8, 306/1. Wachina wana Tieguanyin, jina la mmea na la chai yake, na mnunuzi wa mbali huliulizia dukani. Kweli, hata Darjeeling kuna kloni mashuhuri iitwayo AV2, lakini yenyewe imejisetiri chini ya jina la milima yake. Chai ya Kenya haina hata stara hiyo. Aghalabu huingia katika mchanganyiko wa wengine na kupotelea humo. Nchi hii yenyewe inajua namna nyingine. Mahindi ya Katumani yaliombwa madukani kwa jina. Kahawa iliyotolewa mwaka 2010 iliitwa Batian, jina la kilele cha Mlima Kenya. Kwa nini mchai unukiao ubaki na tarakimu kama nambari ya gari?

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kuunda istilahi za kompyuta na za sheria, na si vibaya. Lakini faharasa ya harufu ya chai, iliyotungwa pamoja na waonjaji wa Mombasa na wataalamu wa Kericho, haihitaji fedha nyingi. Ingempa mchumaji sababu ya jani la tatu kukataliwa, ingempa mkulima neno la kudai bei tofauti kwa kloni tofauti, na ingempa mtafiti jina la kuandika juu ya kifuko cha miche kabla haijatoka kitaluni.