Bisi za mfuko au za sufuria?

Shule zinapofungwa hakuna mzazi wa mjini asiyekijua kilio cha saa kumi alasiri. Chakula cha mchana kimekwisha kuliwa, cha jioni hakijainjikwa, na watoto wanataka kitu cha kutafuna. Ndizi wamezikataa, mkate ulikwisha asubuhi, na pakiti ya viazi vya kukaanga ina hewa nyingi kuliko viazi. Hapo ndipo mtu hukumbuka bisi.

Zamani njia ilikuwa moja: sufuria, mafuta kidogo na mahindi ya bisi. Siku hizi iko ya pili. Nyumba nyingi za mjini zina oveni ya maikrowevu, na katika rafu za supamaketi kuna mfuko wa karatasi uliokunjwa bapa. Unautia ovenini, unabonyeza kitufe, na baada ya dakika tatu hivi umevimba kama mto wa kulalia. Wako wanaoapa kwamba hawatarudi tena kwenye sufuria. Wako pia wanaosema mfuko huo ni sumu tupu. Mimi naona swali la kwanza ni jingine kabisa: je, ukiununua mfuko huo, unalipia nini hasa?

Upasue mmoja kabla ya kuupika, uone mwenyewe. Aghalabu utakuta bonge la mafuta yaliyoganda, yenye rangi ya manjano, limezishika punje pamoja. Mara nyingi mafuta hayo ni ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni yale mafuta mazito ambayo madaktari hutuonya tuyapunguze kwa ajili ya moyo. Kisha tazama upande mmoja wa karatasi. Kuna sehemu yenye rangi ya kijivu, ngumu kidogo. Hiyo ni tabaka nyembamba mno ya aluminiamu, iliyowekwa hapo makusudi ili inase mawimbi ya oveni na kupata moto mkali. Yaani ndani ya mfuko umeuziwa kikaango kidogo, ambacho utakitumia mara moja na kukitupa.

Sasa tupige hesabu. Mfuko wa kawaida una gramu 85 hadi 100. Chukua bei yake, igawe kwa idadi ya gramu, kisha zidisha kwa 1,000, utapata bei ya kilo moja. Halafu piga hatua chache hadi rafu ya nafaka uangalie bei ya kilo moja ya mahindi ya bisi yasiyopikwa. Sikuandikii bei hapa, maana huenda zikapanda kabla hujalikunja gazeti hili, lakini hesabu hiyo ukiifanya ukiwa umesimama pale pale dukani utashangaa. Kilo moja ya punje ni sawa na mifuko kumi au zaidi. Na ukiwa na watu wa kugawana nao, nenda Nyamakima au soko lolote lenye wauza nafaka upimiwe kwa gorogoro. Ongeza bei ya mafuta ya kupikia na chumvi, bado utaona tofauti ni kubwa.

Wengine hudhani gharama ya maikrowevu iko kwenye stima. Sivyo. Oveni hiyo hula umeme mwingi kwa wakati mmoja, lakini kwa dakika tatu tu haimalizi hata sehemu ya kumi ya yuniti moja ya tokeni. Kwa hivyo usiilaumu mashine. Gharama iko kwenye mfuko.

Na mashine yenyewe, kwa kweli, imekuwa rafiki wa bisi tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1945, mhandisi wa Marekani aitwaye Percy Spencer, aliyefanya kazi katika kampuni ya Raytheon iliyounda mitambo ya rada, aligundua kwamba mawimbi ya mitambo hiyo yanaweza kupika chakula. Husimuliwa kwamba chokoleti iliyeyuka mfukoni mwake, na kwamba kitu alichokijaribu baadaye ni punje za bisi, zikaanza kuruka huku na huku. Oveni ya kwanza iliyouzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzani wa kilo 340 hivi. Sijui ingeingia kupitia mlango upi katika nyumba zetu hizi za kupanga.

Lakini turudi kwenye mfuko, maana pesa si yote. Kubwa kwangu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto apate chini ya hapo. Hizo ni chumvi zote za siku nzima, pamoja na za mkate, mchuzi na soseji. Sasa soma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya bisi. Mara nyingi hutaona neno chumvi, utaona sodiamu kwa miligramu. Zidisha hiyo sodiamu kwa mbili na nusu, upate chumvi yenyewe. Na uwe macho: tarakimu uliyosoma huenda ni ya sehemu moja ya mlaji, na mfuko mmoja ukahesabiwa kuwa una sehemu mbili au tatu. Ni mtoto gani uliyemwona akila theluthi moja ya mfuko wa bisi kisha akasema, "Mama, nimeshiba, weka hizo za kesho"?

Ajabu ni kwamba bisi zenyewe, bila kuongezwa kitu, ni chakula chema sana. Ni mahindi kamili, ganda na kiini vyote vimo, tofauti na unga mweupe wa sembe tunaoupenda mjini. Gramu 100 za bisi zisizo na mafuta zina karibu gramu 15 za nyuzinyuzi na gramu 13 za protini. Kinachoziharibu ni kile tunachozimwagia, na kwenye mfuko kimekwisha kumwagwa kabla hujaulizwa.

Na ile habari ya sumu? Haikutoka hewani. Mwaka 2000, huko Jasper katika jimbo la Missouri, Marekani, iligunduliwa kwamba wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi za maikrowevu walikuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu usio wa kawaida. Wataalamu wa serikali walipochunguza, kidole kilielekezwa kwenye diasetili, kemikali inayotoa ile harufu tamu ya siagi. Walioumia walikuwa wale walioivuta hewa yake kiwandani siku baada ya siku. Mwaka 2007 daktari mmoja wa mji wa Denver aliiarifu serikali kuhusu mgonjwa aliyekuwa na dalili kama hizo, ambaye hakuwa mfanyakazi wa kiwanda bali mlaji aliyepika mifuko kadhaa kila siku kwa miaka mingi. Mwaka huo huo kampuni kubwa za Marekani zilitangaza kuiondoa diasetili katika bisi zao. Kwa hivyo aliyekula mfuko mmoja siku ya kuzaliwa ya mtoto asikose usingizi.

La pili ni karatasi yenyewe. Ili mafuta yasipenye, mifuko mingi ilipakwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo huchukua miaka mingi mno bila kuoza, ndani ya udongo, maji na hata miili yetu. Denmark ilizipiga marufuku katika karatasi za kufungia chakula mwaka 2020. Mwezi wa Februari 2024, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitangaza kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta hazikuwa zikiuzwa tena kwa kazi hiyo nchini humo. Hiyo ni habari njema, lakini tangazo la Marekani haliusimamii mfuko uliotengenezwa nchi nyingine. Ukiwa mnunuzi wa mifuko hiyo, basi tafuta mahali palipoandikwa ilikotoka, na ununue inayosema wazi kwamba karatasi yake haina PFAS.

Sasa sufuria. Kila punje ya bisi ina maji ndani yake, kama sehemu 14 kwa kila 100 za uzani wake, na ganda gumu lisilopitisha hewa. Ukiichoma, maji hayo hugeuka mvuke usio na pa kutokea. Joto likifika digrii 180 hivi, msukumo ndani ya punje huwa kama mara tisa ya ule wa hewa ya kawaida. Ganda haliwezi tena, linapasuka, na wanga uliolainika unafura na kuganda papo hapo. Ndiyo maana punje iliyopata ufa haipasuki: mvuke umetoroka. Na ndiyo maana mahindi ya githeri, hata ukiyakaanga mpaka jioni, hayawi bisi. Ganda lake halina nguvu ya kuubana mvuke.

Ukilielewa hilo, utazipika vizuri. Chukua sufuria ya lita nne yenye kifuniko, tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya mafuta ya kupikia na punje tatu tu. Washa moto wa wastani. Punje hizo tatu ndizo zitakazokuambia: zikipasuka, mafuta yako tayari. Epua, mimina nusu kikombe cha punje, tikisa, funika, na uhesabu polepole hadi thelathini. Hapo punje zote zitakuwa zimepata joto pamoja. Rudisha motoni. Zitaanza kulipuka karibu wakati mmoja, na chache tu zitabaki chini. Kifuniko kiache wazi kidogo upande mmoja, mbali na uso wako, mvuke utoke, la sivyo bisi zitakuwa laini kama sponji. Tikisa sufuria kila mara. Mlio ukipungua ukawa mmoja kila sekunde mbili au tatu, epua. Usingoje punje ya mwisho, maana itaziunguza zote. Chumvi nyunyiza mwisho, kidogo, na iwe imesagika laini ili ienee. Kwa jiko la makaa mambo ni yale yale, ila subiri makaa yapoe kidogo, na usimwache mtoto hapo peke yake na mafuta ya moto.

Mpwa wangu aliye chuoni alinisikiliza nikimweleza hayo yote, kisha akasema, "Shangazi, hosteli yetu hairuhusu jiko. Tuna maikrowevu moja tu, ya watu wote." Ni kweli, wanafunzi wengi wako hivyo, na wengine hupanga vyumba visivyo na pa kuweka mtungi wa gesi. Lakini hata hao hawalazimiki kununua mfuko. Tafuta bakuli kubwa la kioo linalostahimili moto, tia vijiko vikubwa vitatu vya punje na tone la mafuta, au usitie kabisa. Funika kwa sahani ya udongo isiyo na nakshi za dhahabu wala fedha, na upike kwa dakika tatu au nne ukisikiliza mlio kama kawaida. Bakuli litakuwa moto sana, kwa hivyo lishike kwa kitambaa kinene. Usitumie mifuko ya kaki ya dukani kama wanavyofundishana wengine. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo na inaweza kushika moto. Na iwe ni bakuli au mfuko wa kununua, usiwashe ukaenda kuoga. Bisi zikiungua ovenini, hosteli nzima itajua.

Katika kununua punje, jihadhari. Bisi ni mahindi, na mahindi yanaweza kuota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Wengi bado wanakumbuka mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, watu 317 walipougua na 125 kati yao wakafa. Moto wa kupikia hauiondoi sumu hiyo kabisa. Kwa hivyo zikatae punje zenye harufu ya uvundo, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu, hata ukiambiwa ni za bei ya kutupa. Wala usidhani ukichambua mbaya ukazitupa, zilizobaki zote ni salama.

Kwa wenye watoto wadogo, nasema hili bila kuzunguka: aliye chini ya miaka minne asipewe bisi, ziwe za mfuko au za sufuria. Humkaba, na maganda yake huweza kuingia njia ya hewa. Mpe ndizi, hata kama kakake atacheka.

Zinazobaki ziweke katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, kabatini. Usizitie friji, kwani hukausha. Zikikaa sana zikaanza kugoma kupasuka, usizitupe. Jaza chupa ya lita moja hadi robo tatu, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji, funga, tikisa mara kwa mara mpaka maji yote yanywewe. Ngoja siku tatu hivi, kisha jaribu punje chache. Zikilipuka vizuri, zipike upesi usiziweke tena muda mrefu, maana zimepata unyevu.