Mgonjwa wa Mfupa Aelezwe kwa Lugha Anayoielewa

Ajali za bodaboda katika barabara ya Rongo hadi Homa Bay, na maporomoko katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, huwaacha watu na miguu iliyovunjika. Aghalabu mfupa huunga baada ya miezi michache. Hata hivyo, wapo ambao mwezi wa tisa huwakuta wangali na magongo, muundi ukicheza pale ulipovunjika, na jamaa wameanza kunong'ona habari za kurogwa.

Hakuna uchawi hapo. Upande wa mbele wa muundi umefunikwa na ngozi tupu, na pasipo nyama damu huwa haba. Mfupa ukitoboa ngozi na uchafu ukaingia, hali huwa mbaya zaidi. Tiba yake imejulikana kwa miaka mingi: daktari husafisha sehemu iliyokufa, hukaza mfupa kwa chuma, kisha huchota vipande vya mfupa laini kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuvijaza penye pengo.

Mimi si tabibu, wala sina la kuwafunza madaktari kuhusu kisu. Kazi yangu ni lugha, na hapo ndipo nina neno. Mgonjwa akitia kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza asiyoielewa, kisha akazinduka na kidonda cha pili nyongani, nacho kikamuuma kuliko mguu wenyewe, je, tumlaumu akidai kwamba ameibiwa mfupa?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaagiza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, hatari na gharama zake kabla ya kuamua, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Wapo watakaosema kuwa msamiati hautoshi. Hilo si kweli. Kuganga, kitenzi kilichotupa mganga, kina pia maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika. Gango ni kile kinachoshikilia kiungo. Nalo neno kupandikiza linaeleweka na kila mkulima wa Kuria aliyewahi kuhamisha miche kutoka kitaluni. Anajua kwamba mche usiopata maji hufa. Mwambie kuwa mfupa uliopandikizwa hutegemea damu vivyo hivyo, na kwamba uvutaji wa tumbaku (zao lililolimwa Migori kwa miaka mingi!) huchelewesha mfupa kuunga, naye atajua kwa nini anakatazwa sigara.

Mwunga mifupa wa kijijini, ambaye gango lake likikazwa kupita kiasi huweza kuozesha mguu mzima, humshinda daktari kwa jambo moja: huketi na mgonjwa wakazungumza. Najua kwamba madaktari wa upasuaji wa mifupa ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini wauguzi wanaozungumza Kijaluo na Kikuria wamo katika hospitali hizo, na maelezo haya hayahitaji zaidi ya dakika kumi.

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay ziandae fomu ya idhini kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, yenye mchoro wa nyonga na alama ya mahali mfupa utakapochotwa, nayo isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na jamaa yake siku moja kabla ya upasuaji. Ukurasa mmoja unatosha.