Ulimi Kama Nge

Sisi wauguzi tumezoea kufunga majeraha yanayoonekana. Mama anayetukanwa nyumbani hutuambia, "Hajanipiga," kisha hunyamaza.

Katika Song of Lawino, shairi refu la mwaka 1966, Okot p'Bitek wa Uganda alimpa mke kama huyo maneno. Lawino anaufananisha ulimi wa mumewe Ocol na nge. Anajua! Nge akiuma, alama ni kitone tu, maumivu hupanda mguu mzima. Ocol huwatukana hata wazazi wa mkewe, na hapo ukoo hupasuka. Shina la boga kwenye mahame, ambalo Lawino anaomba lising'olewe, ni mila. Sisi tunaiona na familia humo.

Kliniki tukikuuliza unaumwa wapi, mama, taja na matusi.