Huo Mtindo Wako wa Asili Umeutoa Wapi?

Katika sisi Waafrika Mashariki tunaocheza chesi (wengine mnaita sataranji, haina neno) hapa Birmingham, kuna kauli moja imeshakuwa mwavuli wa kila mtu: "Mimi huo ndio mtindo wangu wa asili." Jamaa kapoteza ngome bure kwa kushambulia bila hesabu, ukimuuliza anakwambia ndio mtindo. Mwingine anajifungia nyuma ya askari wake kama mlinzi wa benki mpaka anabanwa pumzi, naye eti mtindo. Je, kuubadilisha kunamkuza mchezaji, au kunamharibu? Mimi nasema kunamkuza, ila kwa masharti.

Hebu kwanza tuulizane huo uasili umetoka wapi. Wengi wetu hatukuanza na chesi. Tulianza na drafti, vijiweni, ubao wa kuchora kwa mkono na vifuniko vya soda. Na kwenye drafti ukiweza kula, lazima ule. Hakuna cha "ngoja nifikirie". Mtu akilelewa na sheria hiyo miaka kumi, akija kwenye chesi mkono unakwenda wenyewe: kete zikikutana tu, anakula. Ndiyo maana utamkuta anabadilishana kila kitu, ubao unabaki mweupe, halafu anajiita mshambuliaji. Aliyekulia kwenye bao naye ana yake. Bao lina kete 64, na bingwa wake anaweza kuufuata mzunguko mrefu kichwani bila kugusa shimo. Huyo ukimpa hatua zinazolazimishana anakumaliza. Mpe hali tulivu, isiyo na cha kula, uone anavyohangaika. Sasa hapo asili iko wapi? Ni malezi tu.

Kinachoniudhi zaidi ni sifa. Katika klabu moja ya mjini hapa niliwahi kuambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba sisi Waafrika tunacheza "kwa hisia", kwa hiyo nisijisumbue sana na vitabu vya mwisho wa mchezo. Nikacheka kwa adabu. Lakini jamani, si ndiyo yale yale wanayosema kuhusu wakimbiaji wa Eldoret, kana kwamba hawaamki alfajiri kufanya mazoezi? Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, naye alisimuliwa hivyo na watu wengi baada ya ile filamu ya mwaka 2016: binti mwenye kipaji cha kuzaliwa. Kipaji kipo, sibishi. Ila kulikuwa na Robert Katende, aliyeanza kufundisha watoto wa pale mwaka 2004 (naye alisomea uhandisi, mniruhusu nijivune kidogo), na kulikuwa na miaka ya kurudia rudia. Mutesi alikwenda Olimpiadi ya chesi Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Cheo cha FIDE, tena cha ngazi ya kwanza, alikipata baada ya Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, yeye na Ivy Amoko. Ukimwambia mtu kama huyo "baki na asili yako", umemfungia mlango huku unatabasamu.

Wakubwa wenyewe walibadilika. Mikhail Tal wa Riga, mshambuliaji ambaye wapinzani walikuwa wanamwogopa, alimnyang'anya Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata mzee alirudi kajiandaa, akamvuta kwenye hali zilizofungana na miisho mirefu ya mchezo, akamchapa 13 kwa 8. Tal angeweza kusema "mimi ndivyo nilivyo". Badala yake, kadiri miaka ilivyokwenda alijifunza kungoja, na kati ya 1973 na 1974 alicheza michezo 95 bila kufungwa hata mmoja. Na kushambulia hakuacha! Alikuwa na njia mbili mahali alipokuwa na moja.

Najua mtanitajia Tony Miles, maana ni mtoto wa hapa hapa, kazaliwa Edgbaston mwaka 1955. Mwaka 1980, kule Skara, Sweden, alimjibu bingwa wa dunia Karpov kwa kusogeza askari wa pembeni, a6, hatua ambayo watu waliiona kama mzaha, na akashinda. Wapo wanaouita ufunguzi huo Ulinzi wa Birmingham. "Si unaona? Alicheza kivyake!" Taratibu, bwana. Miles alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1974 na grandmasta tangu 1976. Njia za kawaida alizijua kuliko sisi tunavyojua njia ya kwenda Selly Oak. Aliziacha kwa makusudi siku ile, amtoe Karpov kwenye aliyoyaandaa. Kuacha unachokijua na kukwepa usichokijua ni vitu viwili tofauti.

Sasa masharti. Usibadilishe wiki moja kabla ya mashindano, utalia. Kubadilisha ufunguzi kila Jumapili sikuiti kubadilisha mtindo, hiyo ni kuhama nyumba na kunguni wako. Na pointi zitashuka, tena vibaya, mwezi wa kwanza na wa pili. Sisi maabara tukitaka kuijua nondo hatuipimi pale inapopendeza, tunaivuta mpaka ikatike tuone imekatikia wapi. Mshambuliaji akubali kubadilishana malkia mapema, aishi na farasi mmoja na askari watano mpaka mwisho. Wewe wa kujifungia, toa askari sadaka kila mchezo, hata kama roho inauma. Michezo iwe ya saa nzima, na hatua ziandikwe. Hizi za dakika tatu tatu kwenye simu zinakurudisha kijiweni.

Wenzangu wawili na mimi tumeanza muhula huu. Hadi sasa tumefungwa sana, na Mganda wetu, aliyekuwa hashikiki kwa mashambulizi, wiki iliyopita kashinda mwisho wa ngome kwa ngome uliochukua hatua 71. Nafasi ya mtu wa nne ipo. Ubao tunao, ila saa ya chesi ni mbovu, mwenye nzuri aje nayo.